Kura Yangu Usiiombe Kitandani

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Wewe kitinda mimba, acha kunishikashika mkono kunipima mapigo ya moyo, uuguzi wako uache hospitali, hapa keti kama mtoto wa nyumba hii. Na wewe kifungua mimba wangu, mheshimiwa mtarajiwa, zima hiyo simu. Wapiga kura wako watakusubiri, mimi sina muda huo.

Najua kilichowaleta, msinifanye mtoto mdogo. Mkubwa anataka niseme neno moja mbele ya ukoo na mbele ya jumuiya yetu ya kanisa, kwamba mama, kabla hajafumba macho, ameagiza nyumba nzima impigie yeye kura Jumapili. Mdogo amekuja kuhakikisha neno hilo silisemi. Tangu siku ile aliposimama kwenye jumuiya akamuuliza kaka yake, mbele za watu, wale wachuuzi wa nyuma ya soko watakwenda wapi akiwavunjia vibanda ajenge lile jengo lake la vioo, hamsalimiani. Mnapishana humu koridoni kama wapangaji wenye ugomvi wa choo, na mimi nimelala nawasikia. Inaniuma, wanangu. Inaniuma kuliko huu mgongo.

Tuanze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Nyumba ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani nyeusi apewe mkwe wangu, mke wa mkubwa, ndiye pekee anayeitia mafuta bila kuambiwa. Chumba cha mbele kibaki cha ushonaji, hakitakuwa ofisi ya kampeni. Usinune, mkubwa, mabango yako kayabandike kwako.

Chumba kile, jamani! Mnakikumbuka kilivyokuwa enzi za baba yenu? Mvuke wa pasi, harufu ya kitambaa kipya, kanzu za watumishi wa altare zimening'inia ukutani zikisubiri pindo, na baba yenu, katekista mzima wa parokia, amevaa miwani iliyofungwa uzi, ananishonea vifungo upande upande huku anaimba besi. Kushona alikuwa hajui, Mungu amrehemu, kila kifungo nilikifumua nikakirudia akishatoka, lakini nilipenda akae pale. Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile besi, na ninamtamani mume wangu mpaka machozi yananitoka, tazameni.

Na kila ulipofika uchaguzi, Jumapili ya mwisho kabla ya kura, tukitoka misa alikuwa anaondoa vitambaa vyangu, anaipangusa meza ya kukatia, anaita, "Haya, kila mtu aje na mtu wake." Maana siku chache kabla alishatugawia watu wa mtaani: yule mzee wa ghorofani aliyepooza, yule binti aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya mimba, mke wa mfungwa, mlinzi wa ghala. Ulitakiwa umwendee mtu wako, ukae naye, umsikilize, halafu mezani useme ya kwake, ya kwako uyaache nje. Ndipo tukawataja wagombea, mmoja baada ya mwingine, na baba yenu akauliza: huyu akishinda, mtu wako atapona au ataumia?

Mkubwa, unamkumbuka mlinzi wako? Ulikwenda kucheza mpira, hukumwona hata kofia, ukaja mezani kifua mbele ukasema mlinzi anataka serikali impe bunduki kubwa. Baba yenu hakukugombeza. Alikushika mkono mkaenda wote ghalani, mkamuuliza, naye mlinzi akasema, "Bunduki ya nini, katekista? Mimi nataka choo." Tulicheka siku ile mpaka mdogo akaanguka kwenye kigoda. Wewe ulilia, nikakupa soda ya baba yako.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kupiga kura, na ndivyo ninavyowaachia. Kanisa halijawahi kunipa jina la kuweka alama. Lilinipa watu wa kuwatazama kwanza. Lilinifundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, tangu yumo tumboni mwa mama yake mpaka amelazwa kitandani kama mimi hivi. Kwamba maskini ndiye hutangulizwa. Kwamba manufaa ya wote si manufaa ya walio wengi tu, maana walio wengi wanaweza kuamua kumkanyaga mmoja na wakapiga makofi. Na dhamiri, alisema baba yenu, hufundishwa kama mtoto, usiiache ilelewe na redio na kilo ya sukari ya kampeni. Wala msingoje mgombea wa kukaa sawasawa na hayo yote, hayupo, nimepima watu maisha yangu yote, huyu atabana begani, yule atapwaya kiunoni. Mimi na baba yenu tulishawahi kuchagua watu tofauti kabisa, tukabishana mpaka kanisani, tukarudi tukala sahani moja.

Wewe mdogo, usicheke. Uliuliza swali zuri kwa mdomo mchungu. Hukutaka jibu, ulitaka aaibike, nilikuona usoni. Ukimaliza kunililia hapa umwombe radhi kwa ule mdomo. Swali usiliombee radhi.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Mkubwa. Juzi nilimwita yule mama muuza mboga wa nyuma ya soko. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Nikamwambia mwanangu atawajengea jengo la vioo. Akaniambia, "Mama, hilo jengo sitalimudu, mimi naomba niachwe nilipo, na bomba la maji." Nikamuuliza, umemwambia? Akasema hujawahi kusimama pale hata kumsalimia. Mwanangu, umeota mvi, bado unampa mlinzi bunduki! Niliona aibu, nikageukia ukutani, yule mama akadhani nimezidiwa.

Basi neno ulilolitaka sitalisema. Sitaagiza ukoo, sitaagiza jumuiya, kila mtu na dhamiri yake mbele ya Mungu wake. Jumapili kama bado napumua, mtanibeba mpaka kituoni, mmoja huku, mmoja huku, na nje ya kile kibanda cha kupigia kura mtaniacha, niingie peke yangu. Nikiwa nimeshakwenda, mnizike kando ya baba yenu, na pakiwa na mwanasiasa asipewe kipaza sauti. Hata wewe, mkubwa. Hasa wewe.

Njoo... piga magoti hapa, kichwa chako kizito hiki, tangu nikuzae. Mungu akulinde, akupe masikio. Na wewe, mdogo, huku, Mungu akulainishe ulimi. Shikaneni mikono. Mikono, nimesema, siyo vidole... haya.

Mkubwa, naona unaningojea bado. Kura yangu sikupi, mwanangu. Soko liko wazi mpaka jioni, na leo ni Alhamisi tu... Nenda kasimame pale.