Chumvi ya Zuberi

Benchi la Bulaimu, muuza kahawa wa pale Kasongo, lilikuwa mtumbwi mbovu kutoka Nyangwe, uliopinduliwa mbele ya nyumba yake. Kila alasiri wenye midomo walikaa juu yake wakinywa kahawa. Zuberi, mkulima wa pamba, nafasi yake ilikuwa kwenye ncha, na siku hiyo aliikalia kama mtu anayeaga. Bulaimu alikuwa ametangaza kwamba kuanzia kesho bei ya kikombe inapanda, na bei ya pamba haijasogea tangu vita vya Wazungu viishe. Kikombe kikimshinda, alasiri zake azungumze na mbuzi?

— Chumvi imepanda, nguo imepanda, — alisema Bulaimu akimimina. — Na miye mutu, nakulaka.

— Ni hii treni ya Kindu! — akadakia Sumaili, fundi cherehani waliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzima. — Inakula makaa, inalipisha siye.

Hippolyte, karani wa kampuni ya pamba, alikohoa kwanza.

— Hapana. Ni mambo ya Ubelgiji. Ndiyo maana sisi makarani wametuongezea mushahara, juu ya maisha iko nguvu, kila kitu bei kali.

— Ubelgiji gani! Chumvi inasikia munaongezewa, inapanda yenyewe mule dukani!

— Weye Redio, — akauliza Bulaimu, — chumvi iko na masikio?

— Iko nayo! Juu ya nini wanaifungaka mu gunia?

Wakacheka. Zuberi alicheka kwa adabu tu.

Ndipo akafika Emilienne, muuza karanga kutoka Lusangi, akatua kikapu apumzike. Akasikiliza kidogo habari ya mshahara wa karani, na Zuberi akinung'unikia bei ya pamba.

— Munisamehe, wababa. Karani wamemuongezea juu ya chumvi kupanda. Na huyu baba wa pamba, yeye anakulaka chumvi gani?

Hata Redio alizimika. Hippolyte akatazama kikombe, akatazama viatu vyake; aliona haya, na haya ile ilimpendeza.

— Bulaimu, — akasema mwishowe, — bei ya kikombe changu ipande. Ya Zuberi iache palepale.

— Nimekubali! — Bulaimu akajibu upesi. — Hata miye sikulala, nikiwaza ile ncha bila mutu.

Zuberi akashusha pumzi ndefu. Alifurahi mno, hata akasogea kumpisha mgeni.

— Kaa, mama. Karanga zako bei gani?

— Zimepanda, baba, — akasema Emilienne. — Na miye nakulaka chumvi.