Uji wa Nyar Kosele

Wapendwa, asanteni kwa kiti, lakini nitasimama. Nikikaa nitaongea mpaka giza liingie, na mama mwenyekiti wa hiki kikundi chetu cha kuacha pombe ameshanionya. Shule nilienda kidogo tu, mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa Macalder. Ujana wangu wote nimechimba dhahabu, na ile niliipata nikainywa. Lakini leo sisemi mambo ya mashimo. Nasema mambo ya kutembea tu, kutoka kwa wauza samaki pale Homa Bay mpaka hospitali. Mtoto wa shule anaitembea hiyo njia akicheza. Mimi ilinishinda.

Mke wangu tunamwita Nyar Kosele, binti wa Kosele, kwa sababu huko ndiko nilimtoa. Alipasuliwa tumbo hapo hospitali. Siku hizo zote hakula, ni dripu tu. Halafu daktari akasema kesho apewe uji mwepesi. Nyar Kosele akanishika mkono. "Jaduong', mzee wangu, uje mapema. Njaa imenifanya niote uji wa wimbi."

Nilikuwa nalala kwa dada yake, shemeji yangu, anauza samaki hapo chini kwa ziwa. Huyo mama ana mdomo, mtamsikia nikifika mbele. Asubuhi akapika uji, akaumimina kwa flaski ya bluu, akanipa.

"Shem, hii njia ina baa nyingi. Usiingie hata moja."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Ungekuwa mtoto nisingekuwa na wasiwasi."

Sasa, kuna wageni hapa Migori kutoka upande wa Kuria, niwaeleze pakruok. Sisi Wajaluo tukiwa kwa starehe, mtu anasimamisha muziki, anajisifu ama anamsifu mwenzake mbele ya watu wote. Ukisifiwa, lazima ujibu. Kuondoka bila kujibu ni kama kutema mate juu ya meza yao. Na mimi, ndugu zangu, nawaambia ukweli, kujibu nilikuwa najua kuliko kuchimba.

Nilipita upande wa pili wa barabara. Naapa. Sauti ikatoka kwa baa ya kwanza: "Simamisha muziki! Nani huyo anapita? Ni chuor Nyar Kosele! Mume wa binti wa Kosele, simba wa shimo, anayeona dhahabu gizani!"

Walikuwa wachimbaji wa kwetu. Majina siyataji, wengine wana wajukuu kwa hii kwaya iliyotuimbia leo. Nikaingia nijibu tu. Nikajibu vizuri, watu wakapiga meza, chupa ikaletwa. Kukataa chupa ya pakruok, mnajua wenyewe.

Wakasema, "Omera, ndugu yetu, tunakusindikiza hospitali." Tukatembea. Nyuma ya soko kuna baa nyingine, ya ghorofani. Wakatangulia, na nikifika chini ya ngazi, nasikia, "Chuor Nyar Kosele!" Nikapanda. Tukashuka, tukazunguka stendi, ingine tena. Mji wote nimeuonea kwa milango ya baa. Na kila mahali ni jina la mke wangu ndilo linaniingiza, na yeye amelala pale juu anaangalia mlango wa wadi.

Ya mwisho haikuwa hata baa. Ilikuwa nyumba ya mabati, mama anauza busaa, ile pombe ya nafaka. Nikasema hapana, uji unapoa. Mmoja akasema, "Jaduong', jibu hii moja tu. Tutakushikia flaski."

Nikawapa. Nikasimama katikati na macho nimefunga, nikajisifu mpaka jasho likanitoka. Walicheka sana. Mimi nilifikiri wanachekea maneno yangu.

Nilifika wadi jua limeshapita utosi. Nyar Kosele hakunigombeza. Alifungua flaski, akamimina kwa kikombe. Busaa na uji wa wimbi, wapendwa, kwa macho ni ndugu. Na mtu wa njaa hanusi. Alimeza mara mbili kubwa.

Ikarudi yote. Kutapika na tumbo limeshonwa, sitaki mjue kunakuwaje. Nesi akaja mbio, akanusa kikombe, akaniangalia vile watu wanaangalia panya.

Nyar Kosele alipopata pumzi, akasema, sauti ndogo, "Simamisheni muziki." Wadi yote ikamgeukia. "Mimi ni Nyar Kosele. Mume wangu ni simba wa shimo. Alitembea Homa Bay yote kutwa nzima, akinitafutia matapishi. Haya. Jibu."

Wagonjwa walicheka, hata mmoja wa mguu wa kufungwa. Mimi, bingwa wa kujibu, nikaondoka bila kujibu.

Mama wa kitanda cha pili ndiye alimgawia uji wake. Nilikaa kwa korido nikisikia kijiko.

Shemeji hakulia wala hakunipiga. Kesho yake alijitwika beseni la samaki, akanipa flaski, akatembea nyuma yangu. Tukifika baa ya kwanza: "Chuor Nyar Kosele!" Kabla nifungue mdomo, yeye akapaza sauti barabarani:

"Huyo amekufa! Jana, kwa sababu ya busaa! Huyu ni maiti, ananisaidia kubebea mjane wake uji!"

Wakarudi ndani. Maiti hawezi kujibu pakruok, si ndiyo? Alisema hivyo kila mlango, kila siku, mpaka mke wangu akatoka hospitali. Watu wa soko wakaanza kunipa pole ya kifo changu. Iliuma kuliko kuacha pombe. Lakini nilipita.

Kwa hivyo asante shemeji kwa kuniua. Asante mama wa kitanda cha pili, popote ulipo. Asante hiki kikundi, mlinipokea nikinuka. Na ninyi vijana, mtu akikusifu na umebeba chakula cha mgonjwa, endelea kutembea.

Sasa nyamazeni kidogo. Kuna mtu amekaa pale nyuma, leso ya manjano. Amengoja jibu langu miaka.

Simamisheni muziki! Mimi ni chuor Nyar Kosele. Sijui dhahabu, sijui simba. Mimi ni mtu wa kubeba uji, na leo nimetembea Migori yote bila kuingia popote. Flaski ni ile ya bluu. Bado moto, mama.

Nusa kwanza. Nitangoja.