Sanduku la Tenki

Kijiwe chetu kiko Chang'ombe, kwenye kona inayotazama kiwanda kidogo cha tofali. Ukikaa kwenye benchi letu unamwona kila anayepita, na anayepita lazima tumjadili. Jumatatu hiyo kahawa ilikuwa mbaya. Iddy, muuza kahawa wetu, alipanda basi la kwao Kondoa jana yake asubuhi na birika lake mkononi, amenuna, kwa sababu tulimshambulia kwamba anamjazia Mazengo kikombe kuliko sisi wengine. Kwa hiyo tulikuwa tunakunywa kahawa ya Emiliana, muuza maandazi wa jirani, ya kwenye chupa, vuguvugu na sukari kibao.

Lakini kilichotukaa kooni haikuwa kahawa. Lilikuwa sanduku.

Jumamosi shule ya msingi ya mtaani ilifanya harambee ya tenki la maji, maana watoto wanakwenda darasani na madumu. Walimu walicheza mpira na wazazi, kwaya ziliimba, mishikaki iliuzwa, na hela zote zikatumbukizwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja akapewa mwalimu mkuu, wa pili Editha muuza zabibu, ambaye ni mweka hazina wa kamati, na wa tatu wawakilishi wa mtaa, yaani sisi. Wakatangaza kwa spika kwamba Jumatatu asubuhi wenye funguo wote wakutane shuleni, sanduku lifunguliwe, zihesabiwe mbele ya wote, zipelekwe benki. Na kwa kuwa ofisi ya mwalimu mkuu haina nondo dirishani, sanduku likalale kwa Editha.

Kwa Editha! Sisi tupo kona hii miaka yote, mtaa mzima tunaujua, na hakuna hata mmoja aliyetufikiria. Roho iliniuma, sifichi.

Sasa ilikuwa jioni, benki imeshafungwa, na sanduku bado liko kwake.

— Mimi sina wivu, alianza Mazengo, ila jana nimeona bati mpya zinashushwa pale.

Mazengo tunamwita Mkaguzi, kwa sababu alifagia ofisi ya wakaguzi wa hesabu mpaka akastaafu, na anaamini elimu yao ilimwingia kwa njia ya ufagio. Zile bati zilikuwa za jirani yake Editha. Nilizishuhudia kwa macho yangu, lakini sikumkatisha. Habari ilikuwa imenoga.

Respicius akanyoosha mkono. Huyu anaendesha magari ya wageni wa Bunge, na hafungui mdomo bila kuomba mwongozo, ndiyo maana jina lake la kijiweni ni Mwongozo. Yeye aliona mbali zaidi: Editha anautaka udiwani. Atazikalia hizo hela mpaka uchaguzi, kisha alinunue tenki yeye, apige picha amelishika.

— Na litaandikwa jina lake, akasema. Kwa rangi nyekundu.

Tuliliona hilo tenki na hilo jina, tukachukia wote kwa pamoja. Matonya, fundi viatu wetu, akaacha kushona. Akatuuliza kama tunamfahamu fundi aliyelichomelea lile sanduku. Basi fundi huyo, alisema, hatengenezi sanduku moja. Anatengeneza mawili yaliyofanana mpaka kutu.

— Moja la kuonyesha, moja la kula.

Mimi nami sikutaka kupitwa. Nikasema Editha ana bwana katika ofisi za serikali kule Mtumba, na bwana huyo anazikopesha hela za tenki kwa riba kwa watumishi ambao mshahara umewakaukia. Kisa hicho nilikitunga hapohapo kwenye benchi. Kilipotoka mdomoni nikakiamini kabisa, hata nikapandwa na hasira.

Ndipo tukamwona Editha anakuja na ndoo ya zabibu kichwani. Kila mmoja akakazia macho kikombe chake kama aliye kwenye sala. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakutembea kwa maringo yake ya siku zote.

— Shikamoo baba Mazengo.

— Marahaba, mwanangu. Biashara?

— Sijafanya biashara. Mimi na mwalimu mkuu tumeshinda shuleni tunawasubiri na ufunguo wenu. Uko wapi?

Mwongozo akasema hatukuletewa barua. Ukweli ni kwamba kila mmoja alidhani atakwenda mwenzake, na kila mmoja alikuwa ameapa kimoyomoyo kutomfuata mwenzake nyuma kama mpambe. Lakini Editha hakuuliza habari ya barua. Aliuliza ufunguo uko wapi, na hapo tukaanza kutazamana.

Ufunguo ule tuliupigania sana. Tulipoupata hatukuelewana nani aushike. Akiushika Mazengo, mimi silali. Nikiushika mimi, Mwongozo chakula hakishuki. Mwishowe tuliufunga kwa uzi kwenye mpini wa birika la Iddy, mahali ambapo wote tutauona na hakuna atakayejidai nao.

Mwongozo akapiga simu Kondoa. Iddy alikiri kwamba ufunguo anao, unaning'inia tu, ila gari la kuuleta ni kesho. Kisha akatuuliza kama kahawa ya huko tunaipenda. Mwongozo akakata simu.

Editha akaitua ndoo juu ya benchi, akasogeza vichala vya zabibu pembeni. Chini yake lilikuwapo sanduku, kufuli zote tatu zipo.

— Jana usiku mtu ametikisa dirisha langu, alisema. Mtaa mzima unajua nina hela ndani, na nasikia habari zinatoka hapa. Nina watoto mle. Siku mbili sijalala. Nani kati yenu atalala nalo leo?

Sanduku tulilolitamani tangu Jumamosi lilikuwa katikati yetu. Mazengo akakumbuka kwamba kwake kuna wapangaji wengi. Mwongozo ana safari ya alfajiri. Matonya akainamia kiatu ambacho alikuwa ameshakimaliza. Nikaufikiria mlango wangu na komeo lake la waya, nikamnyooshea Emiliana kikombe. Akaipindua chupa ili nione. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Editha akalifunika sanduku kwa zabibu, akajitwika ndoo yake, akarudi njia aliyokuja nayo. Tulimtazama mpaka akakata kona.

— Mmemwona? akasema Mazengo. Hataki kuliachia.