Mikorosho Yangu Iko Ghorofani

Wanakikundi wenzangu, nawasalimu wote, na wale mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau nawasalimu zaidi, maana nyinyi hamjifichi. Mwenyekiti kaniambia nisimame nishuhudie. Haya, nimesimama. Mnaonijua mnajua kuwa hiyo peke yake ni habari. Mimi ni mtu wa ndani. Kwenda hapo stendi ya Maili Moja kununua uzi wa cherehani naaga kama nakwenda Hija. Kidato cha nne nilimaliza, lakini jiografia iliyonikaa ni ya kutoka jikoni mpaka uani.

Leo mtanivumilia, nina hasira. Nilidhani imepoa. Juzi nikaliona lile ghorofa kwenye televisheni, bwawa la kuogelea juu ya paa, mtu kajilaza na miwani yake, nikazima. Mume wangu akasema, "Mwenzio nilikuwa naangalia." Nikamwambia, "Unaangalia mikorosho yangu."

Niwape historia ya lile ghorofa, kwa sababu wanaolitangaza wanaanzia katikati.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba Maneromango. Nilipoolewa hakunipa vyombo. Alinipeleka kule chini mtoni, akaita majirani wasikie, akaishika mikorosho mmoja mmoja. "Hii ni ya mjukuu wangu. Ardhi ni ya mjomba wake, miti ni ya huyu." Wenyeji wa Kisarawe hapa hawashangai. Nyinyi mliotoka bara msinikodolee macho. Kwetu mtu anaweza kuwa na ardhi, mwenzake akawa na miti juu yake, na wote wakala. Bibi alipofariki, mimi niliendelea kukaa ndani, binamu yangu akawa ananiokotea korosho kila msimu. Wanangu wamesoma kwa korosho zile. Cherehani ilikuwa ya chumvi na kiberiti.

Sasa huko mjini, ufukweni, kulikuwa na jengo limesimama miaka bila kuisha. Lilianza kama hoteli, wenyewe wakaishiwa, likabaki mifupa, popo wakapanga bure. Akaja tajiri mwingine, akalinunua, akasema atalipandisha juu zaidi. Kupandisha kunataka zege, na zege linataka mchanga. Ndugu zangu, hapa nisikilizeni: jengo lile mbele yake mchanga, ubavuni mchanga, chini mchanga. Lakini mchanga wa bahari una chumvi, unakula nondo. Wakaja kuchukua wa kwetu, wa mtoni.

Binamu akanipigia simu. "Dada, umekaa?"

"Mimi lini nimesimama?"

"Basi endelea kukaa. Mikorosho yako imelala."

Nilikwenda. Nikakuta shimo, katapila linanguruma ndani yake, malori yamepanga foleni. Mikorosho yangu imetupwa pembeni, mizizi juu, korosho changa bado zimeng'ang'ania matawini. Nikapanda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Siku zote ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Basi na mchanga nao ulikuwa nyumbani kwangu, nikauuza."

Anayecheka hapo nyuma nimemwona, na sahani yake naijua.

Nikaenda ofisi ya kijiji. Msimamizi wa wachimbaji, kijana mwenye buti safi kuliko kazi yake, akaniuliza, "Mama, unayo hati ya mti?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu. Nawaambia kweli, kicheko changu kile ndicho kinachoniuma kuliko shimo.

Nikarudi Kibaha nikalala. Msimu ukapita bila korosho. Mwanangu mkubwa akarudishwa kutoka shule, akakaa anaikodolea cherehani kama vile itamfundisha hesabu. Nikaiuza cherehani. Kikundini sikuja tena. Mtu wa ndani akizidi kuwa ndani, hata mume hagundui haraka. Aligundua chai ilipokosekana.

Ndipo mkaja nyinyi. Sitaji majina, ila mmoja wenu, mwenye sauti ya kuuzia samaki, alisimama mlangoni akasema, "Umelala kwa ajili ya mchanga? Inuka tukauone ulikokwenda!" Maana dereva wa lori alikuwa amemtajia binamu yangu jengo lenyewe, tena kwa majigambo, na kwa siku zile lilikuwa limeshafunguliwa.

Mnakumbuka tulivyokwenda, tumevaa sare yetu ya kitenge. Mlinzi akaona sare, akadhani ni taasisi. Akatokea binti wa mauzo, ananukia vizuri, akauliza tumetoka wapi. Yule mwenye sauti akajibu, "Kikundi cha uwekezaji, Kibaha." Hakusema uongo, si tunaweka na kukopa! Tukaletewa juisi.

Ukutani kuna picha za historia ya jengo. Mchoraji ramani yupo, mifupa ipo, tajiri anakata utepe yupo. Nikatafuta shimo. Nikauliza, "Mwanangu, picha ya Maneromango iko wapi?" Binti akatabasamu, akadhani ni jina la chumba. Nikakishika kiganja chake nikakiweka kwenye nguzo. "Hapa ndipo nilipokuwa naokotewa korosho." Akaacha kutabasamu, ila juisi hakuninyang'anya.

Kisha akatueleza biashara yao. Kila chumba kina mwenyewe aliyekinunua. Mwenyewe asipokuwepo, hoteli inakipangisha kwa wageni, wanagawana.

Nikauliza, "Na ardhi ya chini?"

"Hiyo ni ya kampuni, mama."

"Yaani mtu ana chumba huko juu hewani, ardhi ni ya mwingine, na wote wanakula?"

"Ndiyo, mama. Ni utaratibu wa kisasa."

Wa kisasa! Bibi yangu, aliyekuwa anasaini kwa dole gumba! Safari hii sikucheka.

Tukaenda baraza la kata. Yule wa buti akarudia wimbo wake wa hati. Nikamwambia, "Baba, huko ulikopeleka mchanga wanauza vyumba vinavyoning'inia hewani, ardhi ya mwingine, na wewe unaona sawa. Mkorosho wangu ulikuwa na mizizi ndani ya udongo, bado unaniambia hauna mwenyewe?" Majirani waliomsikia bibi wakasimama, waliobaki hai, wakasema walichosikia. Hata mjomba akainamisha kichwa, akasema, "Mama alisema hivyo."

Baraza likaamua miti ilikuwa yangu. Uchimbaji, uliokuwa ukiendelea kwa majengo mengine, ukasimama. Mchimbaji afukie shimo na alete miche, mjomba anipe pa kuipanda. Miche imekuja. Shimo limefukiwa nusu, nusu nyingine wanaishi vyura, na yule wa buti simu hapokei. Kwa hiyo msiniulize kama nimesamehe. Bado.

Ila cherehani mmenirudishia, mwanangu yuko darasani, na siku ya kupanda mlisimama na mimi mtoni kwenye jua, kila mmoja akashika mche akasema kwa sauti, "Huu ni wa huyu." Ahsanteni. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Funzo langu ni dogo. Ukipewa kitu mbele ya watu, nenda ukaonekane nacho mbele ya watu. Mimi ni mtu wa ndani mpaka leo, sijabadilika. Ila siku hizi ndani kwangu kunaanzia Maili Moja na kuishia mtoni Maneromango, na anayetaka kuchimba humo abishe hodi.