Wimbo Unaong'aa

Basi lilikuwa halijatoka mjini Bakersfield, na mwanamke wa kiti cha mbele yangu hatulii. Anaitoa santuri kwenye jalada, anairudisha, anaitoa tena. Ilikuwa albamu ya dada mmoja mwimbaji wa muziki wa kantri na roki, ambayo mwaka ule kila nyumba ilikuwa nayo. Mzee aliyeketi kando yake akashindwa kunyamaza.

“Binti, santuri imechakaa yote, ila hapa katikati, penye wimbo mmoja, inang'aa. Wimbo huu umekukosea nini?”

“Si mimi, mzee. Mume wangu. Ukikaribia tu, anainua sindano ya gramafoni.”

“Labda haupendi.”

“Zile nyingine anazililia kama mtoto. Huu ni wa mke anayefunga mizigo.”

Mzee akalitazama sanduku lililokuwa miguuni pa yule mwanamke, akakohoa. “Na mwishoni huyo mke anafanyaje?”

“Nitajuaje? Sijawahi kufika huko.”

“Mimi najua. Anafika kituoni, halafu—”

“Usiniambie, mzee.” Alisema taratibu, lakini basi zima tulisikia. Mimi pia naujua ule wimbo, nikatazama dirishani.

Tukasimama kituo cha Lebec, ambako mabasi ya kwenda na ya kurudi hukutana. Yule mwanamke akashuka na sanduku, santuri kifuani, akasimama katikati ya mabasi mawili, letu la kwenda mbele na lile la kurudi Bakersfield.