Dakika Kumi na Moja za Mzee Pindo

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na limeegemea ukuta wa duka la Fundi Kompyuta, mahali ambapo kivuli hufika kuanzia saa nane mchana. Mimi ndiye mwenye birika. Wananiita Shangazi, hata wale walionizidi umri, na nimeshachoka kuwarekebisha. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi, mtu asiyejua kusema "sijui". Katikati hukaa Pancha, mziba matairi. Kulia ni kwa Mzee Pindo, fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna suruali mtaa huu ambayo hajaipunguza urefu. Siku hiyo Mzee Pindo alikataa kukaa. Alisimama mlangoni kwa Fundi, kikombe mkononi hakinywi, akiitazama kompyuta yake iliyolazwa mezani ikiwa wazi ubavu mzima.

— Imekufa? akauliza Wembe.

— Ishindwe! Haijafa. Inabadilishwa diski. Nataka gemu langu la magari lifunguke haraka. Binti yangu anapiga saa kumi, na leo nataka anikute tayari.

Habari ya gemu hilo tunaijua sote. Binti yake anafanya kazi ghala la dawa, mji wa mbali, na kila siku saa kumi jioni ana mapumziko ya dakika ishirini na tano. Wenzake hulaza vichwa mezani. Yeye humpigia baba yake, kila mmoja anawasha kompyuta yake, wanashindana magari. Kompyuta ya binti huwa tayari kabla hujamaliza kupiga chafya. Ya Mzee Pindo, kuwaka hadi gemu kufunguka, ni dakika kumi na moja. Wembe amewahi kuzipima kwa saa yake. Muda unaobaki ndio wa mashindano, na hapo mzee hupigwa bila huruma.

— Kwani haraka ya nini? nikamuuliza. Mwaka mzima mmecheza hivyo hivyo.

— Juzi kaniambia, "Baba, hiyo kompyuta yako inatumalizia muda." Alicheka, Shangazi, lakini mimi sikucheka. Nikajisemea, huyu ameanza kuchoka. Akichoka hatapiga tena.

Alisema hivyo huku anatazama kikombe chake. Mimi nikamwongezea kahawa, ingawa hakuwa ameinywa ile ya kwanza.

— Sasa Fundi, akadakia Pancha, diski mpya itaongeza na mbio za gari? Maana gari la mzee kwenye lile gemu linakwenda kama limepakia mchanga.

Fundi akajibu kutoka ndani, bisibisi mdomoni:

— Mbio haiongezi. Diski inafupisha kusubiri tu. Gemu likishafunguka, kazi yote ni ya prosesa, ram na kadi ya picha. Labda uwe na gemu lenye ramani kubwa, linalochota vitu vyake njiani. Hilo diski ikiwa nzito litakwama-kwama. La mzee ni uwanja mmoja, duara, basi.

— Hapo umechemka, akasema Wembe. Mimi nimekaa sana na watu wa kompyuta.

— Umekaa nao wapi?

— Kwenye kiti changu. Nilikuwa nawanyoa.

Pancha nusura amwage kahawa.

— Chekeni tu, Wembe akaendelea. Siri ni diski mbili. Moja ya mfumo unaoendesha kompyuta, nyingine ya gemu. Kila mmoja na chumba chake. Ukiwaweka chumba kimoja watagombania mlango, na wewe uko nje unasubiri.

— Kwa diski za zamani, akasema Fundi, hilo lina ukweli kidogo.

Ah, laiti asingesema! Ukimpa Wembe ukweli kidogo, utakuja kuujutia.

— Mmesikia? Mtaalamu mwenyewe amekiri! Basi mzee afungiwe tatu. Hata nne.

— Ya nne ya nini? nikauliza.

— Ya kusuluhisha, hizo tatu zikigombana.

— Wembe, nyamaza upumue, akasema Pancha. Fundi, hiyo diski kuukuu inazunguka, au haizunguki?

— Inazunguka. Mpya ndiyo haina kitu kinachozunguka.

— Haya. Kitu kinachozunguka ni tairi, na tairi ni mambo yangu. Mzee, kompyuta yako huiweka vipi nyumbani?

— Huilaza chini ya meza ya cherehani.

— Umeilaza! Umewahi kuona gari linatembea kwa ubavu? Isimamishe wima, uipige balansi. Na upepo umejaza?

— Diski haijazwi upepo, akasema Fundi.

— Ndiyo maana haiendi!

Fundi akainamia meza, mabega yakimtikisika. Mzee Pindo naye alitabasamu, lakini ni tabasamu la kuwaridhisha wenziwe. Macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika kumi na nane.

— Mimi nadhani tatizo ni kumbukumbu, akasema Wembe, sasa kwa sauti ya chini, ile anayotumia akitaka kudanganya vizuri. Diski inahifadhi kila kitu, sivyo? Sasa humo mna mara mia tatu mzee ameshindwa. Zote zimo, zimeandikwa. Gemu likitaka kufunguka, diski inasoma, inaona aibu iliyoko mbele, inajivuta. Hata mimi ningejivuta.

— Mia tatu na kumi na mbili, akasema Mzee Pindo. Na nimeshinda mara mbili. Ya pili nadhani aliniachia.

— Basi diski mpya haina aibu, akasema Pancha. Ila muigeuze. Kompyuta itazame ule mji alioko binti. Mawasiliano hayapendi kupigiwa mgongo.

Mabishano yakafika huko. Nimeuza kahawa hapa miaka tisa na ninawapenda watu hawa, lakini siku nyingine natamani kuwafunika na sufuria.

Ndipo akaja mteja wa Mzee Pindo, dada mmoja aliyekuwa akifuata sketi yake.

— Sketi iko tayari, mwanangu, imebaki kifungo tu, akasema mzee. Kaa kidogo, kuna jambo naliangalia hapa.

Dada akakaa ukingoni mwa benchi, akachukua kikombe, akasikiliza. Wembe, akipata sikio jipya, akamweleza yote tangu mwanzo: ghala, dakika ishirini na tano, dakika kumi na moja, vyumba vya diski na aibu ya diski. Dada alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Mzee Pindo.

— Samahani, baba. Kama simu inakuja saa kumi, na kompyuta inachukua dakika kumi na moja, si ungeiwasha saa kumi kasoro robo?

Pancha alimtazama Wembe, Wembe akayatazama maandishi ya birika langu, na birika langu halina maandishi. Mchana mzima tumegawa diski vyumba, tumeipiga balansi, tumeielekeza mjini, na hakuna aliyewaza kubonyeza kitufe mapema. Hata Fundi alitokeza kichwa mlangoni, kwa sababu na yeye hakuwaza.

Mzee Pindo akaweka kikombe dirishani.

— Niliwahi, akasema.

— Uliwahi nini, mzee?

— Kuiwasha mapema. Mwanzoni kabisa, mwezi wa kwanza. Akapiga, "Baba, imefunguka?" Nikamwambia imefunguka. Akafurahi, tukacheza dakika zote. Gari likishaanza, nani anaongea? "Kata kona, baba." "Umenigonga, baba." Kengele yao ikalia, akasema kwaheri. Nikabaki na pedi ya gemu mkononi, sijui mwanangu amekula nini. Sijui kama ule mguu wake ulioteguka umepona. Sikuwasha mapema tena.

Akakisogeza kikombe pale dirishani, akaendelea.

— Mama yake alipokuwa hai, yeye ndiye aliyezungumza naye. Saa nzima kwenye simu, wanacheka. Mimi nilikuwa mtu wa salamu. "Baba yako huyu hapa." "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Basi, simu inarudi kwa mama. Mama yake alipoondoka tukabaki wawili na ile shikamoo yetu. Tukawa tunapigiana, tunasikilizana tu tukipumua. Ndipo akanifundisha gemu, ili tuwe na kitu cha kufanya. Sasa ile ikiwa inafunguka, tunangoja, na watu wanaongoja huongea. Ananiambia msimamizi wao kafanya hivi, jirani yake kahama. Mimi namwambia kuhusu Wembe.

— Unasema nini kuhusu mimi?

— Yote.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, diski kuukuu mkono wa kulia, mpya mkono wa kushoto.

— Sasa mzee, mbona umeniambia nibadilishe?

— Kwa sababu amesema inatumalizia muda, mwanangu. Nikiiacha polepole, atachoka aache kupiga. Nikiifanya nyepesi, atapiga, tutakimbizana magari, na sitajua habari zake. Usiku sijalala vizuri kwa ajili ya hicho kidude ulichoshika. Nikaona afadhali apige, hata kama ni kugongana tu.

Nikamtazama yule mzee aliyetupunguzia suruali sote, nikamwonea uchungu hadi nikageuka nipange vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika.

— Basi nirudishe ipi? akauliza Fundi, polepole.

Simu ikaita. Saa kumi kamili.

Mzee Pindo huweka simu sauti ya nje, maana sikio lake moja limechoshwa na cherehani. Akapokea, akainyoosha mbele yake kwa mikono miwili.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu.

— Imefunguka?

Nilimwona akifungua mdomo kusema "bado". Neno hilo lilikuwa pale, tayari, lingempa dakika zake kumi na moja kama kawaida. Akaitazama kompyuta mezani, nyaya zikining'inia.

— Leo haifunguki, mwanangu. Iko kwa fundi. Haina hata diski.

— Ah. Kwa hiyo leo hatuchezi?

— Hatuchezi.

Kwa mbali tulisikia mlio wa kijiko kwenye kikombe, huko ghalani. Pancha alikuwa ameshika goti la Wembe na Wembe hakugundua.

— Lakini, akasema Mzee Pindo, akiisogeza simu karibu. Lakini kama huna kazi, unaweza kukaa tu na mimi. Hizo dakika zako. Mimi nipo.

Nikasema moyoni: binti, tafadhali.

— Zote ishirini na tano?

— Zote, kama hutachoka.

— Ngoja nivute kiti, baba.

Tukasikia kiti kikiburutwa sakafuni. Kisha sauti ikarudi, karibu zaidi na ndogo zaidi.

— Tena afadhali. Kuna jambo nataka kukwambia, wiki ya tatu sasa. Kila nikilikaribia, gari linaanza.

Mzee Pindo akabonyeza simu, akaondoa sauti ya nje, akaibana kwenye lile sikio zima.

— Niambie, mama, akasema.

Wembe alikuwa amekaa mahali pa mzee pa kila siku, bila kujua. Akaruka, akampisha. Yule dada wa sketi akasogea na kikombe chake hadi upande wa pili wa birika. Mzee Pindo akakaa, kiganja kimefunika jicho, akisikiliza. Na kwa ukaribu ule, hata usipotaka, sauti ya simu huvuja.

— Nasema diski lazima isimame wima! Pancha akapaza sauti ghafla, akinikonyeza.

— Wima wapi! akafoka Wembe. Ilale, tena juu ya kitambaa!

— Nyie wote hamjui kitu, nikapiga kelele mimi, ambaye diski nimeiona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Diski inawekwa karibu na dirisha!

— Dirisha la kusini, akaongeza yule dada, bila hata kutabasamu.

Fundi naye, msomi wetu, akatoka nje na diski zake mbili, akaanza kugombana na sisi kwa sauti kubwa kuliko wote. Tukabishana hivyo bila kupumzika, dakika zote ishirini na tano, ili tusisikie.