Samawati Aliyoiahidi Maurice

Mchungaji, wazazi wetu, majirani wa hapa mitaani Lindi na Mashimoni, na nyinyi mliotoka Kawangware, kabla gari halijaondoka kwenda Khwisero, mimi Boaz, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya kaka, naye angependa nisiharakishe.

Maurice Amukowa alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Khwisero, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, akaja Nairobi, na mwaka wa 1979 akaajiriwa kuosha chupa katika maabara ya kiwanda kimoja cha kemikali, Industrial Area, ambako alijifunza kutenganisha madini kwa vimiminika, akaipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda mpira.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji Sella, wakajaliwa Trizah na Phanuel, na siku hiyo ya harusi, kwa kuwa hakuwa na pete, alimwahidi bibi harusi kikombe chenye rangi ya samawati atakayoitoa mwenyewe, tukacheka sana, maana kaka alikuwa anaota hata akiwa amesimama.

Alipopunguzwa kazini Machi 1995, aliwaendea wapiga video za harusi kule Kawangware, wakampa betri za lithiamu zilizokufa, akazilaza kwenye maji ya chumvi ziishiwe nguvu, unga wake mweusi akauyeyusha kwa asidi, akapata maji yenye rangi ya waridi, akayamiminia mafuta ya taa yaliyochanganywa na dawa aliyotoka nayo kiwandani, akatikisa, akaiweka chupa dirishani, nasi tukatazama kobalti, madini ya samawati yaliyokuwa ndani ya unga ule, ikiyahama maji polepole na kupanda kwenye mafuta, hadi juu kukawa mbingu na chini maji matupu.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua, akalazwa Februari 1999, na siku moja shemeji, akiharakisha kumpelekea chakula, alijaza stovu kutoka kwa mtungi usio wake, ule ambamo kaka aliyaweka mafuta yake ya samawati, akapikia ugali samawati yote ya miaka mitatu, akafika wodini akilia kwamba amekichoma kikombe chake mwenyewe.

Kaka alicheka hadi akakohoa, akamwambia, "Wacha kulia, Mama Trizah, madini haichomeki, kwangua tu hizo tambi za stovu," kisha akaumaliza ule ugali.

Tulikwangua masizi, tukayapeleka kwa Wakarima, mfinyanzi wa Kawangware, akayasaga na kukipaka kikombe, tukamwonyesha kaka kikiwa bado cha kijivu, hakijachomwa, akakishika muda mrefu, na tarehe 3 Juni akatuacha, siku mbili kabla tanuri halijafunguliwa, jambo linaloniuma hadi sasa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia harufu ya asidi, wapiga video wote, na Wakarima, ambaye hakulala akilinda moto.

Pumzika kwa amani, kaka, leo asubuhi Sella amekunywa chai yake ndani ya samawati.